Wali wa Kumchelewesha Fundi

Baba Zuhura mpenzi,

Pokea salamu zangu za Dar, huku joto usiseme. Sote wazima.

Jana nilimpelekea mwanao Zuhura chakula kazini kwake hospitali, kule Posta. Anapanga chumba cha mashine ya kuangalia mishipa ya moyo: kitanda kikae wapi, nyaya zipite wapi mpaka kwenye kompyuta za madaktari chumba cha pili. Nyaya zinafukiwa sakafuni ndani ya mabomba. Zikiachwa juu, kitanda cha mgonjwa kitazikanyaga. Sasa mabomba bado yako Kariakoo, na fundi wa sakafu kashashika koleo.

"Dada, mimi namwaga zege. Kesho niko Ilala."

"Ukimwaga, kaka, tutavunja yote!" Zuhura karibu alie.

Nikamwita fundi. Nikafunua sufuria. "Mwanangu, utachanganya zege na njaa?" Nikampakulia wali na samaki wa nazi. Akimaliza, namwongeza.

"Mama, nimeshiba."

"Basi umeukataa mkono wangu."

Akaketi tena, anacheka. "Mama, leo umenifunga kamba ya wali!"

Nakwangua ukoko, mara mkokoteni huo na mabomba. Yakalazwa, ndipo fundi akamwaga zege, anapiga miayo.

Ila mwanao hakuambulia hata tonge. Leo nimempikia tena, na nitamsimamia mpaka amalize. Na wewe kula vizuri, usilale na chai tupu kwa sababu sipo. Mungu akulinde, mume wangu.

Mama Zuhura