Motere Haiwaki, na Jumapili Inakuja

Jumatatu, 10 Novemba 1975

Kutoka darasani moja kwa moja mpaka ziwani. Nimegeuza ufunguo. Tak. Basi. Motere ya boti haizunguki hata kidogo, na Ijumaa iliwaka vizuri. Cirhuza, tuliyenunua naye boti hii, akashauri tusali. Mtu mwenye nusu ya boti na robo ya akili.

Tumejaribu kuiwasha kwa kuvuta kamba mpaka mabega yakauma. Bure. Motere hii bila umeme wa betri haitoi cheche.

Jumapili lazima niwe Minova. Baba mkwe ametuma neno: nifike baada ya misa, na pombe ya ndizi, kasiksi, na msemaji, kumwomba mke wangu Nabintu arudi nyumbani. Nisipofika, atarudisha ng'ombe wa mahari na ndoa imekwisha. Barabara imekatwa na mvua. Meli haina mafuta ya mazuti. Nimebaki na takataka hii.

Jumanne, 11 Novemba

Betri nimeipeleka kuchajiwa. Nikafunga balbu, ikawaka kama jua. Nikarudisha kwenye boti: tak. Fizibu nzima, waya wake haujaungua.

Nabintu aliondoka kwa sababu nilikicheka Kifaransa chake mbele ya walimu wenzangu. Sentensi moja tu. Wote walicheka, si mimi peke yangu. Kwao hawajui mzaha.

Jumatano, 12 Novemba

Cirhuza kaleta fundi kutoka Nyawera. Anajiita ingénieur, yaani mhandisi. Kavaa abakosti safi, suti ya wakubwa wa chama, bisibisi hana, kaazima yangu. Akagonga motere mara mbili, akatega sikio kama daktari.

"Demareri imekufa, papa. Iko lazima tuagize ingine Bujumbura."

Demareri, yaani kile kinachozungusha motere wakati wa kuwasha. Ijumaa kilikuwa hai, kikafa lini, na kwa ugonjwa gani? Nikamuuliza hivyo. Akakasirika, akaenda. Aende. Bisibisi yangu kaondoka nayo.

Cirhuza nilitaka kumtukana pia. Siwezi. Mume hafungui kinywa mbele ya wakwe, anasemewa. Ndugu zangu wako Kinshasa. Yaani ndoa yangu itasemewa na mtu huyu.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua. Tak.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimeipata. Nimekasirika kuliko nilivyofurahi.

Kila mwaka nawafundisha wanafunzi: umeme unaotoka kwenye betri lazima urudi kwenye betri. Wiki nzima tumekagua njia ya kwenda. Ya kurudi hakuna aliyeiangalia, hata mimi mwalimu wa fizikia. Leo nimechukua waya mnene, ncha moja kwenye upande wa hasi wa betri, ncha nyingine kwenye chuma kitupu cha motere. Nikageuza ufunguo. Ikazunguka!

Nikafungua bolti ya waya wa masi, ule unaounganisha betri na mwili wa motere. Chini yake: rangi ya kijani. Mbichi kidogo.

Jumamosi iliyopita ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya umma. Walitangaza kwamba komisere, mkuu wa serikali hapa, atapita ziwani, kila kitu kiwe kijani cha chama. Watu wakapaka mawe. Wakapaka nguzo. Mmoja kapaka ndoo yake. Cirhuza hakutaka kushindwa na mawe: akafungua bolti ya motere yetu, akapaka mpaka chini yake, akaifunga tena kwa uangalifu. Rangi haipitishi umeme. Komisere mwenyewe hakuja.

Nimekwangua kwa kisu mpaka chuma kikang'aa. Imewaka mara moja. Cirhuza akapiga makofi.

"Unaona, mwalimu? Nilisema tuombe Mungu."

Nilimeza matusi yote. Mpaka Jumapili.

Jumapili, 16 Novemba

Tumerudi salama.

Kule Minova nilikaa kwenye kiti kifupi, mikono magotini. Cirhuza alipiga magoti kwenye udongo, na suruali yake ya misa. Akasema silali. Nalala vizuri. Akasema nililia mbele yake. Uongo mtupu. Akasema eti nilimwambia hivi: mwanaume anayemcheka mke wake mbele ya wageni amejivua nguo mwenyewe, na mimi nimekuja kuomba radhi kwanza, kumchukua baadaye. Sikumtuma hata neno moja. Nilitazama chini. Sikuwa na pa kutazama.

Wazee walinong'onezana. Kisha baba mkwe akanywa kasiksi yetu. Nabintu aliingia ndani kufunga vitu vyake.

Kwenye ziwa Cirhuza ndiye aliyeshika motere. Nabintu alikaa karibu nami, akasema kwa sauti ndogo:

"Ile maneno yote, ni weye ulimutuma aseme?"

Nikasema ndiyo.

Akafungua kitambaa, akanikatia kipande cha muhogo aliopewa na mama yake. Nilikula bila kumtazama.