Namba ya Baba Imeshuka

Kangemi,
Agosti 2006

Kwa kaka yangu Kibe,

Pokea salamu zetu. Natumaini wewe, Ndunge na watoto mko wazima na joto la Mombasa halijawamaliza. Mimi nipo, ila nimechoka. Duka la misumari na saruji halifungwi eti kwa sababu mwenyewe hajalala.

Nimeandika kwa kuwa kwenye simu huniachi nimalize. Ukipiga ni kuuliza namba ya Baba ni ngapi sasa. Hujawahi kuuliza kama Baba amekula.

Kile kipimo cha damu cha saratani ya tezi dume kilianza themanini na sita. Baada ya sindano kikashuka hadi nne. Ulimshukuru Mungu, na Baba akawa hashikiki pale mtaani kwake Woodley. Jirani yake Mzee Zadock, mwenye ugonjwa huo huo, ana hamsini. Baba akawa anamwita Mheshimiwa Hamsini, naye Zadock akimjibu kwamba Baba hata ugonjwa lazima aombe apunguziwe bei.

Mwezi uliopita mgongo ukaanza kumsumbua. Daktari Namalwa wa kliniki ya Kilimani akapima damu tena. Ilikuwa bado nne, nikasema basi ni kile kitanda kibovu. Akanionyesha kipimo kingine, cha mifupa, kimepanda mara tano. Alisema ugonjwa umeingia mifupani, tena umebadilika, hautoi ile alama tuliyokuwa tukiifuata. Picha zikathibitisha. Nikauliza muda. Akasema tuhesabu miezi, na si mingi.

Mimi ninayejua faida ya kila msumari, Kibe, nilikuwa naangalia mstari mmoja tu.

Nilimweleza Baba yote. Akasema amechoka kusubiri matokeo kama mtoto wa darasa la nane, na kwamba hatadungwa tena ila kwa kumtuliza maumivu.

Ijumaa alitakiwa kurudi kupimwa. Nimepiga simu kliniki nikafuta miadi. Sikukuuliza, na wewe ndiwe mkubwa. Tena niseme kweli: sikufuta kwa ajili yake peke yake. Nilipokata ile simu nilipumua, nikafunga duka saa tisa mchana, nikalala.

Ukitaka kukasirika, sawa, lakini njoo ukasirikie hapa. Panda basi wiki hii. Bado anakaa nje kwenye jua, na mdomo wake bado ni ule ule.

Wasalimie Ndunge na watoto, uwaambie babu yao anawataja.

Dada yako,
Nyawira