Kitu Nilichokitumbulia Macho

Karatu, Jumanne

Kaka yangu Parmuat,

Sopa. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Endulen, wewe, mama, watoto na ng'ombe. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unachemka. Simu yako haipatikani, kwa hiyo nampa Dickson, yule dereva wa lori la mahindi, akufikishie mkononi.

Wiki iliyopita nimepewa onyo kwenye lodge ninapohudumia mezani. Mgeni mmoja wa kike alilalamika kwamba wakati wa chakula nilikuwa na tabia ya "stare". Hilary, msimamizi wetu, akaniita na kuniuliza kama najua maana yake. Nikamjibu ni kutazama. Akacheka, akasema siyo kutazama tu, ni kumtumbulia mtu macho bila haya, kama mtu aliyekosa malezi. Nikamuuliza, na wao wanaoshinda ukingoni mwa kreta wamekodoa macho, je? Akasema hiyo ni "gaze", kutazama kwa kustaajabu, na haina ubaya.

Kaka, niliwaka! Watu hawa husimamisha gari kumwangalia mama akikamua. Huchungulia mpaka ndani ya nyumba zetu na kuwaelekezea watoto wenye makamasi kamera ndefu kama mtutu, halafu tunaambiwa wanastaajabu. Mimi nimeangalia masikio ya mtu mmoja, basi sina malezi. Nani kawapa ruhusa ya kugawa maneno, zuri lao, baya letu? Nilimwambia Hilary hivyo hivyo. Akasema nimwombe mgeni radhi au nirudi kuchunga mbuzi.

Nikaenda, nimeuma meno.

Hilary sikumweleza nilikuwa naangalia nini, ila wewe nakwambia. Yule mgeni alivaa surutia za mama, vile vipuli vya shaba alivyovivua tulipomzika baba akavifungia sandukuni. Usiniambie vinafanana tu. Cha kushoto mama alikifunga kwa waya mwekundu wa redio siku ndama alipokikata mkufu, na mimi ndiye niliyemshikia waya. Nilipomwomba radhi mgeni alilainika, akasema amevinunua juu kule kreta kwa Mmasai mmoja mwungwana sana, akanionyesha picha waliyopiga pamoja. Ni wewe, Parmuat, na lubega mpya, meno yote nje.

Na mkeo Sinyati ulimfukuza kwa kuiba surutia hizo hizo! Ulimwita mwizi mbele ya baba yake huku watoto wanamng'ang'ania nguo. Mama mpaka leo hataki jina lake litajwe, nasi sote tulikuamini, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa. Nilimsihi mgeni aniuzie. Akakataa, eti ni kumbukumbu yake ya Afrika, na kesho yake akaondoka navyo.

Sijawahi kukupandishia sauti, kaka. Leo napandisha. Nenda Loliondo ukamrudishe Sinyati, na useme ukweli mbele ya baba yake, palepale uliposemea uongo. Jumapili napumzika kazini, nitakuja. Nikikuta hayupo, mama atayasikia kwangu.

Mwamkie mama, nitamletea sukari na majani ya chai. Wasalimie na wanao. Wakikuuliza tena mama yao aliiba nini, wajibu wewe mwenyewe.

Ni mimi dada yako,
Namelok