Setari ya Baba na Mara ya Tatu

Jumamosi, 5 Aban

Msumari upo ukutani. Setari ya Baba, ala yake ya nyuzi, haipo. Mwizi ni mdomo wangu — au ni yule Dokta. Bado sijaamua.

Alikuja jana, Dokta Khosravani, msomi wa Tehran anayeandika kitabu juu ya wapigaji setari wa zamani wa hapa Isfahan. Nikampa chai, nikammenyea komamanga. Akaishusha setari, akaisifu. Sasa mtu akisifu kitu chako unasema nini? Ni yako, haina thamani mbele yako. Akakataa. Nikasisitiza. Akakataa tena, kama ipasavyo. Hapo nilipaswa kunyamaza, hata mtoto anajua: mara mbili ni adabu, ya tatu ni kutoa kweli. Nikaogopa ataniona mchoyo, nikasema mara ya tatu, tena mikono nimeikunjua! Akainamisha kichwa. Eti hawezi kuukataa mkono wa Bibi Effat, yaani mimi. Akaondoka nayo, imefungwa kwa shali yangu.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.

Jumapili, 6 Aban

Nimemweleza kaka Jahanbakhsh. Kacheka mpaka kakohoa.

"Dada, umegawa urithi kwa adabu! Mpigie simu, mwambie ilikuwa taarofu tu, maneno ya adabu."

"Nimwambie nilikuwa nasema uongo?"

"Kwani yeye hajui? Sote si tunasema hivyo hivyo?"

Kisha akauliza, tangu lini mimi napiga setari. Kisha, polepole, akauliza Dokta anakaa wapi. Anataka kujua ya nini? Baba alipofariki, ni yeye aliyetaka iuzwe. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimemwambia sijui. Najua. Kapanga mtaa wa Jolfa, nyuma ya kanisa.

Jumatatu, 7 Aban

Navifikiria vile vifundo. Shingo ya setari imefungwa vifundo vya utumbo wa mnyama vinavyogawa sauti, na vinasogezeka. Kila mpigaji huvifunga pale sikio lake linapotaka. Baba alivifunga mwenyewe kabla ya kuugua. Havijaguswa tangu hapo. Mtu akivisogeza, sauti ya Baba imekwenda, na hapa duniani hakuna wa kuirudisha.

Sikumwambia Dokta. Lakini aliviinamia sana. Picha ya Mama iko pale pale ukutani, hakuitupia jicho.

Na jambo jingine. Alisema yeye si mpigaji, ni mwandishi tu. Mbona ukucha wa kidole chake cha shahada, mkono wa kulia, ni mrefu? Setari hupigwa kwa ukucha huo. Baba alikuwa nao. Hata yai hakulimenya, asije akauvunja.

Mwandishi gani anafuga ukucha mmoja?

Jumatano, 9 Aban

Jirani yangu Touran kaja kurudisha sufuria. Kamwona Dokta akitoka kwenye duka la vitu vya kale, karibu na uwanja mkuu, amekumbatia kitu kirefu ndani ya shali ya kijani.

Shali yangu.

Touran huongeza chumvi, lakini rangi hakukosea. Akanipoza, labda alikwenda kuulizia nyuzi. Tangu lini duka la vitu vya kale likauza nyuzi? Halafu mbona anamtetea? Sufuria yenyewe imekuja bila kifuniko.

Wali wangu umeungua. Nimeula hivyo hivyo. Ninaona uchungu.

Alhamisi, 10 Aban

Nimepata njia. Dawa ya moto ni moto. Kesho nakwenda kwake na kisanduku cha halua. Nitaisifu setari. Atalazimika kusema ni yako. Nitakataa mara mbili. Ya tatu nitapokea, nitaifunga kwa shali, nitaaga.

Kaka asijue. Touran ndiyo kabisa.

Ijumaa, 11 Aban

Naandika nikiwa kwake. Yeye yuko jikoni, na setari iko magotini mwangu.

Haikuuzwa. Ina nyuzi mpya. Vumbi limefutwa — vumbi langu, tuseme kweli, la miaka yote niliyoiacha ining'inie. Nimevipapasa vifundo kimoja kimoja, na vyote viko mahali pake. Ila kando ya kila kimoja kuna mstari mwembamba wa penseli. Mtu huweka alama ili kitu kisipotee mahali pake. Au kwa sababu anajiandaa kukihamisha.

Nilipoisifu hakusita. "Ni yako, Bibi Effat. Mimi ni nani?"

"Mungu apishe mbali, Bwana Dokta."

"Nakuomba. Ichukue."

"Haiwezekani kabisa. Iko mikononi mwa mwenyewe."

Akanitazama. Nilingoja. Alikuwa akipitisha ule ukucha ukingoni mwa kikombe, akizunguka, akizunguka. Kisha akasema birika linachemka, akainuka. Mimi sikusikia birika.

Amekwenda kuninyima ile ya tatu? Au anajipa nguvu ya kuisema? Hesabu hii anaijua kama mimi. Ijumaa ile alipoondoka na setari aliijua pia.

Vikombe vinagongana. Anakuja. Akisema mara ya tatu ninachotakiwa kujibu ni neno moja: nashukuru. Wiki nzima nimemshuku Dokta, nikamshuku kaka, nikamshuku Touran kwa ajili ya kifuniko. Sasa naushuku ulimi wangu. Tangu nizaliwe haujawahi kupokea kitu.

Mlango. Ameshika sinia, anatabasamu, anasema kitu kuhusu setari, nami nausikia ulimi unajipanga mdomoni: Hapana, Bwana Dokta, haiweze—