Printa ya Baba

Mosul, Jumamosi mchana

Dada yangu mpendwa Hanin,

Kabla hata sijakusalimu, acha nilitue hili ambalo sijamwambia mtu yeyote: kompyuta ya ofisini haikuwa na ugonjwa. Kwa wiki tano nilijua dawa yake, nikanyamaza.

Sasa salamu. U hali gani huko Basra? Jino limepoa? Sisi wazima, ila Mama goti linamsumbua akipanda darini kuanika. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu natumia pamoja na Mama, na Shangazi Nidhal anakuja kwenu kesho.

Unajua kuwa nilipomaliza shule Baba alikubali nifanye kazi, kwa sharti niifanyie nyumbani. Ofisi ni ya wahandisi wanaokarabati nyumba za mji mkongwe. Programu ya michoro iko kwenye kompyuta moja tu, ya kule kule, kwa hiyo mimi hukaa chumba cha nyuma, naingia ndani yake kwa mtandao, najaza vipimo vya kuta. Nilipoomba angalau siku moja kwa wiki niende mwenyewe, Baba aliniuliza kwa upole: "Nyumbani kuna umeme, kuna chai, kuna mama yako. Ofisini unafuata nini, binti yangu?"

Wiki ya pili dirisha la kazi kwenye kompyuta yangu ya nyumbani likaanza kujifunga. Naingia, dakika moja, kioo kinakuwa cheusi, narudishwa nje. Nikizima na kuwasha, ni yale yale. Kwa kuwa kazi ilikuwa ya haraka, Baba alinipeleka kwa gari ng'ambo ya mto. Nikakaa mbele ya ile kompyuta yenyewe, ikafanya kazi siku nzima bila kukohoa. Bi Mayada, mhandisi ninayemfanyia kazi, akacheka, akasema mashine imekuwa na wivu, inataka kuniona uso kwa uso. Mchana alinichukua kwenye nyumba tunayoichora. Hanin, niliweka kiganja juu ya jiwe la kizingiti ambalo upana wake niliuandika mwenyewe bila kuliona. Lilikuwa na ubaridi. Niliporudi nyumbani sikutaka kunawa mkono.

Fundi Luay wa ofisini alibadilisha waya, akafuta vumbi, akaapa kwamba kompyuta hiyo ni nzima kuliko yeye. Sababu niliigundua mimi. Siku moja Baba alichukua printa yake kuukuu, iliyounganishwa na kompyuta yangu, akaipeleka dukani, na siku hiyo dirisha halikujifunga hata mara moja. Aliporudisha printa, balaa likarudi. Nikatafuta kwenye mpangilio wa kuunganisha, nikakuta mahali penye alama ya tiki panaposema printa ya nyumbani nayo iingie kule. Nikaitoa tiki, shwari. Nikairudisha, giza.

Nilikuwa na kidole juu ya simu nimpigie Bi Mayada. Sikupiga. Tangu hapo, nikitaka kutoka, niliweka tiki. Nilihesabu siku nisije nikamchosha Baba.

Sasa sikia ubaya wake. Ofisini kuna Umm Sarmad, anayefagia na kupika chai. Fundi Luay alikuta birika lake la umeme limechomekwa soketi moja na kompyuta, akapiga kelele: "Nimemkamata mwizi! Hili birika linakunywa umeme wa jenereta ya mtaa mzima!" Umm Sarmad alimjibu kwamba chai hiyo hiyo ndiyo anayokunywa yeye vigilasi vinne kila asubuhi, na hajawahi kuilaumu. Watu walicheka, lakini mwenye ofisi, Abu Yaman, hakucheka. Alishamwonya mara mbili juu ya birika. Akalifungia kabatini, akamwambia Alhamisi iwe siku yake ya mwisho.

Niliposikia niliogopa, nikatoa tiki upesi, nikidhani nimetengeneza. Kumbe nimemkaanga. Siku sita dirisha halikujifunga, na kila mtu akasema: "Mnaona? Lilikuwa birika." Utulivu wangu ndio uliomshuhudia vibaya.

Jumatano asubuhi nikairudisha tiki. Dirisha likajifunga mara nne, na kila mara nilimpigia Bi Mayada kumwomba aangalie chumba. Mara ya nne aliniambia: "Taa zinawaka, birika liko kabatini, na Umm Sarmad yuko hapa mbele yangu amekunja mikono kama bi harusi. Unataka nini zaidi?" Nikasema labda nijaribu kuondoa printa. Nikaondoa. Dakika kumi zikapita dirisha halijajifunga, naye akawa anashangilia kwenye simu.

Abu Yaman alimrudishia birika kwa mkono wake mwenyewe na kumwomba radhi. Umm Sarmad alinipigia akilia, akaniombea dua ndefu ambayo sistahili hata neno lake moja.

Bi Mayada naye alimpigia Baba kumsifu. Alimwambia kwa akili zangu hakuna tena haja ya kunisumbua kuvuka daraja. Baba amefurahi, dada, sijapata kumwona hivyo. Amewasimulia majirani wote. Jana aliniletea kiti cha ofisini, kile chenye magurudumu, akakiweka chumba cha nyuma mwenyewe, akanibusu kichwani, akasema sasa sitahitaji hata kuvaa viatu. Nimekikalia hivi ninavyokuandikia. Kinazunguka vizuri.

Msalimie shemeji na mbusu Tayma mashavu yote mawili. Mama anasema utumie dawa, usikae na jino. Na barua hii, ukishaisoma, ichane. Umm Sarmad asijue, na Baba, nakuomba sana, asijue kamwe kwamba kompyuta nilikuwa naivuruga mwenyewe ili anipeleke.

Mdogo wako,
Rafif