Suti ya Wageni

Kwa Mama mpendwa,

Bwana asifiwe sana. Natumaini mgongo umekupa nafuu na mvua imefika hapo Kaaga. Huku Embu imenyesha vizuri, majani ya chai yanaletwa kiwandani hadi yanakosa pa kuwekwa. Najua umenikasirikia kwa kukataa simu zako za video. Leo nakuambia ukweli.

Unakumbuka nilivyojisifu kwamba sisi mafundi wa umeme tunafunzwa? Mwalimu alitoka Nairobi, akaomba kwanza, kisha akatuonyesha vile umeme unaweza kukulipukia usoni kabla hata ya kugusa waya. Alisema tuzime mtambo kabla ya kufungua bodi, lile sanduku la swichi za umeme, na kama haiwezekani, tuvae suti nzito isiyoshika moto, na glavu zake na kofia ya kioo. Suti yenyewe ilikuwa moja. Tuliivaa kwa zamu, tukapigwa picha, tukapewa soda. Ile picha yangu uliionyesha kanisa lote.

Mwalimu alipoondoka, meneja akaifungia suti kwenye kabati la vioo pale mapokezi. Eti haiwezi kupakwa grisi kila siku, lazima wakaguzi waikute safi. Nilicheka, Mama, nikakumbuka vikombe vyako vya maua vya wageni, ambavyo sisi watoto wako hatujawahi kunywea.

Basi Jumanne bodi kubwa ikaanza kunguruma na kunuka. Nikamwomba msimamizi wetu, Mugambi, tuzime. Akasema majani yataharibika, na kama nataka kupumzika nirudi kwetu Meru. Nikaomba suti. Ufunguo alikuwa nao meneja, na meneja alikuwa ameenda mazishi Siakago. Mugambi akaniambia nifungue tu, kwani si nilifunzwa?

Nilifungua, Mama. Ile malaria uliyoambiwa na Wawira, rafiki yangu ninayekaa naye, ni uongo. Mimi ndiye niliyemwomba aseme hivyo. Niko wodini. Daktari anasema uso utapona. Kuhusu mikono hajasema kitu. Umeshaona mwandiko huu si wangu, ni Wawira anayeniandikia, na amelia hadi nikamfokea.

Unajua kinachonichoma zaidi? Jana meneja alikuja na ndizi, akasema wiki ijayo kuna mafunzo mengine, na wanaomba kunipiga picha iwe funzo kwa wenzangu. Picha tena! Nimemwambia akapige picha kabati lake.

Nisalimie Baba na mdogo wangu Kananu. Ukija, tafadhali usinililie mbele ya watu. Njoo na kikombe kimoja cha maua. Nataka kunywea hicho, hata kama ni wewe utakayenishikia.

Mwanao,
Kagwiria