Kijiko cha Mama

Hodan mjukuu wangu, assalamu alaykum. Huku Garissa tu wazima, na ngamia wetu amezaa.

Umeniuliza kama uache mafuta ili upungue uzito. Wallahi, hata mimi nimechanganyikiwa. Nikiwa msichana kule kijijini Hulugho, kila asubuhi mama alikuwa akinipa kijiko kimoja cha samli kabla sijaenda machungani na mbuzi. Siku moja nilikikataa, nikanywa chai ya sukari tu. Kabla ya adhuhuri njaa ilinirudisha nyumbani, mbuzi nikawaacha, fisi akala mmoja.

Mwezi uliopita daktari alisema nipunguze mafuta. Nikaacha samli kabisa, nikawa nakula biskuti kutwa, na gauni likazidi kunibana. Sasa ujanani nilikuwa mwembamba kwa sababu ya samli, au ya kutembea na mbuzi? Sijui. Nakumbuka tu kwamba mama alipima kwa kijiko. Mimi, kabla ya daktari kunikataza, nilikuwa namimina tu.

Bibi yako, Ayeeyo Habiba